Sosa ya Manila na Mkwe wa Nyuma ya Shuka

Sosa ya kwanza niliipasua mimi. Mkononi mwangu haikupasuka, ilipasuka hewani, na mimi nilikuwa nimesimama mbali nyuma ya mti wa kahawa, lakini mzee wangu anasema hayo ni maneno ya wakili. Haya, nakubali, ni mimi na cherehani yangu.

Nianze na meza, maana bila meza mkwe hangekuja kwangu. Mimi ni fundi wa nguo hapa Ruiru. Shule niliachia darasa la tatu huko kwetu magharibi, nikaolewa, mzee akapata kazi ya kiwanda Thika, tukahamia huku, na tangu hapo nashona. Nimeshona yunifomu za watoto ambao sasa wananiletea watoto wao niwapime. Chumba cha mbele ndicho kazini, na ndani kuna meza ya kukatia ambayo mzee alinitengenezea kwa mbao za makreti mabovu. Ni ndefu, mtu mzima anaweza kulala juu yake. Ndugu yangu aliwahi kulala pale alipokuja kutafuta kazi, akaamka na chaki mgongoni, akaenda kwa mahojiano hivyo hivyo na mistari yangu ya koti. Kazi alipata. Sijui kama chaki ilisaidia.

Sasa, binti yangu wa mwisho ni nesi Thika. Ameolewa na mwalimu, kijana wa hapa hapa, Mkikuyu, mrefu, mpole, wa kukohoa kabla ya kusema neno. Anafundisha sayansi kwenye shule moja ya hapa karibu, na kila Ijumaa jioni ana klabu ya roketi. Nilipoambiwa mara ya kwanza nilidhani Roketi ni jina la timu ya mpira. Kumbe ni roketi kweli, za karatasi, na ndani injini ndogo ya baruti, kadiri ya betri ya tochi. Injini hizo alikuwa anazipata kwa rafiki yake anayefundisha chuo kikubwa cha Juja, kwa ruhusa na mihuri yote. Usifikirie nimemwoza binti yangu kwa mtu wa kulipua.

Muhula uliopita alirusha moja nyembamba kama penseli. Ilipanda vizuri, halafu ikabadilisha nia, ikaruka ua, ikatua ndani ya beseni ya nguo za jirani wa shule. Jirani akaja ofisini na beseni. Mwalimu mkuu, mama mmoja mkubwa wa sauti ndogo, hakugomba. Alimwambia mkwe tu, "Mwalimu, siku ya wazazi nataka kuona kitu kinapanda na kurudi hapa hapa kwetu. Kisiporudi hapa, saa yako ya Ijumaa naipatia hesabu." Watoto wa klabu wakasikia hesabu, wakashika vichwa. Mkwe naye hakula chakula cha jioni. Binti yangu ndiye aliniambia. Alisema hiyo saa ya Ijumaa ndiyo inamfanya mume wake aamke Jumatatu.

Ndiyo mkwe akafikiria sosa. Alisema roketi ya penseli inapenda safari, lakini ukitengeneza kitu bapa kama sosa ya kikombe, injini ikae katikati, kitapanda wima, kitachoka upesi kwa sababu hewa inakizuia, halafu kitarudi chini polepole kama jani, hapo hapo ulipokirushia. Hakihitaji hata mwavuli wa kukishusha. Kinataka manila nzuri, ile karatasi ngumu, gundi, na meza kubwa ya kuchorea mviringo. Meza kubwa kwao haiko. Wanapanga chumba kimoja na nusu, na hiyo nusu ndiyo jikoni.

Hapo ndipo mambo yalipokuwa magumu, kwa sababu kwetu mama mkwe na mkwe hawashikani mikono. Hawakai kiti kimoja, hawali pamoja, na ikiwezekana hawaangaliani usoni. Hakuna chuki, ni heshima. Kwao pia kuna heshima ya namna hiyo ingawa siku hizi imelegea, lakini huyu wangu mama yake alimfundisha kabla ya kuja kwetu, na nadhani alimfundisha kupita kipimo. Mara ya kwanza kuja kunywa chai alikaa akaelekeza uso ukutani. Mimi siku hiyo niliandalia mgongo chai. Mgongo ukasema asante, mama.

Nikafikiria, nikapata dawa. Nilifunga kamba kutoka msumari mmoja hadi mwingine, nikatundika shuka la maua katikati ya meza. Nusu ya dirishani ikawa yake, nusu ya upande wa cherehani ikawa yangu. Chini ya shuka nikaacha nafasi ya kupitisha makasi. Mzee akabeba kiti chake akakaa mlangoni, mahali anapoona pande zote mbili, na kikombe chake cha chai, kama refa.

"Mkweo anataka rula," mzee anasema.

Nasukuma rula chini ya shuka.

"Mkweo anasema asante."

"Nimemsikia, mimi si kiziwi."

"Sasa mimi kazi yangu ni nini?"

Kusema kweli mkwe akitaka rula huomba lula, na mimi nikisema gundi watu husikia kundi, kwa hiyo tulielewana vizuri sana.

Alichora mviringo kwa uzi na msumari, akakata. Halafu akakata kipande kama cha keki, akakitoa, akavuta kingo mbili zikutane. Ile karatasi bapa ikainuka katikati kama kifuniko cha sufuria. Niliona kivuli chake kwenye shuka, nikapiga kofi. Hiyo ni sketi! Sketi pana ya kuzunguka, ile ya wasichana wa kwaya, nimekata maelfu. Nikaona sasa hii kazi ni yangu pia.

"Mkweo anataka gundi," mzee akasema.

"Ya nini?"

"Ya kuunganisha hapo."

"Gundi ni ya bahasha," nikasema. "Kitu cha kwenda juu kinataka mshono."

Nyuma ya shuka kikatoka kikohozi.

"Amekohoa," mzee akasema.

"Amekohoa ndiyo ama amekohoa la?"

Mzee akanyoosha shingo akachungulia. "Amekohoa tu."

"Mkwe," nikaita mwenyewe, "nikushonee?"

"Sawa, mama."

Basi nikashona. Nikatumia uzi mweusi wa nguvu, ule wa suruali za makanga wa matatu, mistari miwili sambamba, vishono vidogo vidogo vya kukaribiana. Ungeona ungesema imetoka dukani. Mkwe akaweka bomba la injini katikati, na kando ya bomba kipande cha mrija wa soda, kwa sababu sosa husimamishwa kwenye chuma chembamba kinachopita ndani ya mrija ili ianze safari ikiwa imenyooka. Nilijisifu mpaka kanisani.

Jumamosi tukaenda kuijaribu kwenye kiwanja cha nyuma ya shule, kando ya miti ya kahawa ya zamani. Mkwe alikuwa katikati na waya wake na betri, mzee kando yake kwa vile wanaume hawaoneani haya, na mimi mbali, nyuma ya mkahawa, nikiangalia kupitia majani. Akahesabu kwa sauti. Ikatoka na mlio kama maji yakianguka kwenye mafuta ya moto. Ikapita mikahawa, ikapita nguzo ya stima, moyo wangu ukapanda nayo, halafu nikasikia trrrrr. Sauti hiyo naijua. Ni sauti ya kitambaa kikichanika kwenye mshono. Nusu moja ya sosa ikaelekea Thika, nusu nyingine ikaelekea Nairobi, na injini ikaanguka katikati ikifuka moshi, imeachwa na wote.

Mkwe alikuja pole pole, akasimama kando, akauambia mkahawa, "Ilijitahidi, mama."

"Ni manila," nikasema. "Umeuziwa manila mbaya."

"Inawezekana, mama."

Injini iliyobaki ilikuwa moja. Rafiki wa Juja alikuwa ameshasema nyingine hazitapatikana kabla ya muhula kwisha. Na siku ya wazazi ilikuwa wiki hiyo inayofuata.

Jumatatu mchana binti yangu akapitia kwangu kutoka kazini. Nilimpa chakula, akala, akaweka kijiko chini kama mtu anayetaka kumwambia mgonjwa habari.

"Mama, alijua."

"Nani alijua nini?"

"Bwanangu. Alijua itapasuka. Sindano inatoboa manila mstari mzima, inakuwa kama ile risiti unavuta inachanika. Aliniambia siku ile ile amefika nyumbani."

"Mbona hakuniambia mimi, mwenye sindano?"

"Akwambie aje? Wewe ni mama mkwe."

"Na klabu yake?"

"Mama, alikuwa ameamua afadhali klabu ife."

Nilikasirika. Halafu nikaona haya. Halafu nikakasirika upya kwa sababu mzee alikuwa anacheka mpaka chai inamwagika. "Ati manila mbaya!" alisema. "Manila mbaya!"

Najua utasema, si ungeacha tu kushona, umpe kijana gundi yake yaishe? Ningeweza. Lakini niliwaza sana mchana huo, na mimi nikiwaza huwa napiga pasi, kwa hiyo nilipiga pasi hata vitambaa vya kufutia vyombo. Niliwaza hivi: leo ni karatasi. Kesho wana mtoto, mtoto ana homa, mimi bibi nimekuja na dawa yangu ya majani, na huyu msomi anajua majani hayo hayafai, anakohoa, anasema sawa mama. Heshima ya namna hiyo itatuzikia mtu. Nikaamua kabla ya siku ya wazazi lazima huyu kijana aniambie hapana, kwa mdomo wake, hata kama ni mara moja tu maishani.

Manila nilienda kununua mwenyewe Thika, kwenye duka ninalonunulia vifungo. Ruiru zipo, lakini yule mwenye duka tumezoeana.

"Ni project ya mjukuu?" akaniuliza.

"Ni ya mkwe."

"Mkwe yuko darasa la ngapi?"

Nilimwambia afunge karatasi aache maneno.

Mkwe akaja jioni, bado jua lipo. Shuka lilikuwa mahali pake, mzee na chai yake pia. Akakata mviringo, akatoa kipande cha keki, nikamwacha. Halafu nikaanza.

"Mkwe, nimefikiria. Tuizungushie lesi ukingoni?"

Kikohozi. "Sawa, mama."

"Nyeupe ama ya rangi ya maziwa?"

"Yoyote, mama."

Mzee akaniangalia kwa jicho la kuuliza. Nikamkonyeza. Miaka yote tuliyokaa, mzee huyu akikonyezwa huelewa kesho yake, lakini siku hiyo alielewa hapo hapo.

"Na vifungo," nikasema. "Vinne. Vya koti."

"Vya koti, mama?"

"Vile vizito. Visipepee na upepo."

"...Sawa, mama."

"Mkweo anafuta jasho," mzee akatangaza.

"Na ndani tuweke kitambaa, ishike joto."

Hapo hata kikohozi hakikutoka. Nilisikia kiti chake kikilia tu. Halafu sauti ndogo, karibu ya mtoto: "Kama wewe umeona hivyo, mama."

Jamani. Nilitaka kucheka na nilitaka kulia. Nikaona basi, nimefika mwisho wa njia. Nikaingiza mkono chini ya shuka, nikachukua ile manila aliyokata, ndiyo ilikuwa nzuri, nyingine zote zilikuwa mabaki. Nikaivuta upande wangu, nikaiweka kwenye cherehani. Nikashusha chuma cha kukandamizia, kwa sauti, tap, ili asikie. Nikaweka mguu kwenye pedeli. Gurudumu likaanza kuzunguka kidogo.

"Mama, HAPANA!"

Nakwambia kuku wa jirani waliruka. Mzee akaachia kikombe. Upande ule kiti kilikuwa kimeanguka, na mkwe amesimama, kichwa chake chote kiko juu ya kamba, ananiangalia usoni, macho kwa macho, kwa mara ya kwanza tangu amchukue binti yangu. Ana macho mazuri. Sikuwa nimejua.

Akajiona. Akashuka nyuma ya shuka kama jua.

"Mama, pole. Pole sana. Haki sikutaka, imetoka tu, ni kwa sababu ya sindano, sindano inatoboa, na injini ni moja, pole..."

"Kumbe una mdomo," nikasema.

"Pole, mama."

"Pole ya nini? Na lesi?"

"Lesi... lesi pia hapana, mama."

"Na vifungo?"

"Hapana." Hiyo ilitoka haraka kidogo.

"Mzee," nikasema, "mpe huyu mwanaume gundi yake."

Mzee hakuweza kusimama kwa kicheko. Nikampa mwenyewe, chini ya shuka.

Gundi ya karatasi kumbe nayo ina adabu yake. Unapaka nyembamba, unalaza ukingo mmoja juu ya mwingine, halafu unashikilia, huachi, mpaka ikubali. Ukiachia mapema inafunguka. Mkwe akasema anahitaji vidole vingi kuliko alivyo navyo. Mzee alijitolea, lakini mzee hutetemeka mkono, angeibadilisha sosa kuwa sambusa. Basi sosa ikawekwa katikati ya meza, nusu huku nusu kule, shuka likiilalia juu. Mimi nikashika mshono upande wangu, mkwe akashika upande wake. Vidole vyetu vilikuwa vimekaribiana sana lakini havikugusana, heshima ilikuwa pale pale. Tukakaa hivyo. Sikumbuki mara nyingine nimekaa muda huo wote bila kazi mkononi, ingawa pia ilikuwa kazi.

"Mama," akasema baada ya muda, "ile ya kwanza ulishona vizuri."

"Ilipasuka."

"Lakini ilipasuka mstari umenyooka."

Nilimwambia ashike gundi.

Siku ya wazazi ilikuja na upepo. Watu walikuwa wengi, hema mbili, kwaya, hotuba ndefu ya mzazi mmoja ambaye hakuna aliyemwalika kuongea. Mimi nilikaa hema ya pili na kanga juu ya kichwa kwa jua. Watoto wa klabu walikuwa wamejipanga kando ya kiwanja bila hata kusukumana, na ukiona watoto hawasukumani ujue wana wasiwasi. Mwalimu mkuu alikuwa mbele kabisa na mkoba mapajani.

Mkwe akasimamisha sosa kwenye chuma chake. Akarudi nyuma na waya mpaka kwenye betri. Watoto wakahesabu kwa sauti moja, tano, nne, tatu, mbili, moja.

Ikakaa.

Ikakaa tu pale, nyeupe, kama kitu kilichosahauliwa na mama wa kuandaa chai. Mtu mmoja nyuma yangu akasema, "Imekataa, hata karatasi siku hizi hugoma." Mwalimu mkuu akafungua mkoba, akatoa miwani. Mimi nilikuwa najua akivaa hiyo miwani anaona hesabu. Mkwe akatembea mpaka pale, akapiga magoti, akaangalia. Waya mmoja ulikuwa umechomoka kwa upepo. Akaurudisha. Mimi kule hema ya pili bila kujua nilikuwa nimekunja vidole vyangu kana kwamba bado nimeshika ule mshono.

Wakahesabu tena. Safari hii hata yule wa nyuma yangu alihesabu.

Ilienda! Ilienda wima, haikuyumba, ikapita hema, ikapita tangi la maji, ikapita miti ya mwisho, na mshono haukusema kitu. Juu ikasimama kidogo, kama mtu aliyefika mlangoni akakumbuka ameacha ufunguo. Halafu ikaanza kurudi, ikizunguka, ikicheza, upepo ukaisukuma kuelekea kwa jirani wa beseni, watu wote wakasema "Aaa!", wakainama upande kwa pamoja kana kwamba wanaweza kuivuta kwa mabega. Ikagonga paa la hema ya pili, yangu, ikateleza, ikaanguka kwenye nyasi ndani ya ua. Ndani ya ua! Watoto walikimbia wakaibeba juu juu kama kombe.

Mwalimu mkuu akavua miwani. "Imerudi kwetu," akasema kwa ile sauti yake ndogo. "Ijumaa ni yako, mwalimu. Lakini utapanda nyasi pale ulipochoma."

Mkwe alipita mbele ya hema yetu, uso umeelekea uwanjani, hakuniangalia. Lakini alikuwa anatabasamu mpaka sikio la upande wangu lilikuwa limesogea.

Ijumaa iliyofuata akaniita shuleni nionyeshe watoto kukata mviringo bila kupoteza karatasi. Nilikaa nyuma ya darasa, yeye mbele, madawati yote katikati yetu, shuka halikuhitajika. Akawaambia wachukue gundi, na uzi usiletwe kabisa kwenye klabu hii. Msichana mmoja wa dawati la mbele, ndevu za chaki kidevuni, akainua mkono.

"Tichaa, kwa nini uzi hapana? Si ungeshika kushinda gundi?"

Mkwe akakohoa. Akaangalia dirisha. Akasema hilo ni swali zuri. Akakohoa tena, na nikaona kabisa kwamba hataweza, hata na Ijumaa yake mfukoni, kuambia watoto ishirini na zaidi kitu ambacho mama mkwe wake alifanya.

Basi nikasimama, nikashika kiuno, nikawaambia mwenyewe, na trrrrr nikaitoa kwa mdomo, na Thika nikaonyesha kwa mkono huu na Nairobi kwa huu. Walicheka wakapiga madawati mpaka mwalimu mkuu akaja kuchungulia mlangoni.

"Mwalimu, hii ndiyo sayansi?"

"Ndiyo, madam," mkwe akasema, na hakukohoa.